Mwili Hauna Pampu ya Maji

Hotuba kwa walimu wa sayansi na wahudumu wa afya ya jamii

Ndugu Mwenyekiti, walimu wa sayansi, wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya ya jamii mliotoka vijijini tangu alfajiri, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna mwili unavyolinda uwiano wa maji na chumvi zake, na ningependa kuanza na kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa zahanati, nilimpa mama mmoja pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganywa na maji, kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa akiharisha, nikamwambia achanganye pakiti moja kwenye chupa moja ya maji, kisha nikamwita mgonjwa anayefuata. Sikumwuliza chupa gani. Kesho yake alirudi na mtoto mwenye kiu isiyokatika, anayelia bila machozi na anayeharisha kuliko jana. Chupa aliyoitumia ilikuwa ya nusu lita, na pakiti ilikuwa ya lita moja. Mama yule alifuata maelekezo yangu neno kwa neno. Mimi ndiye niliyemwachia sentensi nusu. Mtoto alipona, alhamdulillahi, baada ya kupewa maji yaliyochanganywa ipasavyo na kuangaliwa siku nzima, lakini swali lilinibakia: iweje dawa ileile, ikikolezwa mara mbili tu, imkaushe mtoto badala ya kumnywesha?

Jibu lake ndilo somo la leo, na linaanza na jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Mwilini mna pampu za sodiamu, za potasiamu, za kalisi na za asidi, lakini pampu ya maji haijapata kuonekana katika seli yoyote ya binadamu. Maji mwilini hayasukumwi kwa pampu ya namna hiyo kuvuka utando wa seli, huvutwa. Kila mwili unapotaka kuyahamisha maji kutoka upande mmoja wa utando wa seli kwenda upande mwingine, huhamisha kwanza chumvi au kitu kingine kilichoyeyuka, na maji hufuata nyuma yake. Atakayelishika hilo hatahitaji kukariri sehemu kubwa ya mambo yanayofuata.

Walimu mtasema hiyo ni osmosisi, na ni kweli, ila naomba msiianzishe ubaoni. Ianzisheni jikoni. Kila aliyekata vitunguu vya kachumbari, akavinyunyizia chumvi na kuviacha kidogo, amewahi kukuta maji chini ya bakuli ambayo hakuyamimina yeye. Chumvi iliyo nje ya kitunguu imeyaita maji yaliyo ndani, nayo yameitika. Mtoto wangu wa chupa ya nusu lita alipatwa na jambo hilohilo: maji aliyonyweshwa yalikuwa yamekolea kuliko damu yake, kwa hiyo yalipofika kwenye utumbo yaliuvuta unyevu wa mwili wake kuuingiza tumboni, na kutoka tumboni ukaenda chooni.

Tutazame sasa maji yenyewe yako wapi. Mwanamume mzima mwenye uzito wa kilo 70 hubeba takriban lita 42 za maji. Kiasi cha lita 28 kimo ndani ya seli na lita 14 ziko nje yake, na katika hizo za nje, zile zinazozunguka mishipani kama plazima, yaani majimaji ya damu, ni kama lita tatu tu. Mtoto mchanga ana maji mengi zaidi kwa kulinganisha na uzito wake, karibu robo tatu ya mwili, na huyapoteza na kuyarudisha kwa kasi kubwa zaidi, ndiyo maana kuharisha kunakomchosha mtu mzima kunaweza kumwua mtoto kabla jua halijazama.

Kinachozitenganisha sehemu hizo mbili ni utando wa seli, mwembamba kiasi cha kutoonekana kwa hadubini ya kawaida ya shuleni, na kila upande una chumvi yake. Nje ya seli ni milki ya sodiamu: katika kila lita ya damu ya mtu mwenye afya mna kati ya milimoli 135 na 145 za sodiamu, na milimoli 3.5 hadi 5 tu za potasiamu. Ndani ya seli mambo ni kinyume, potasiamu ikifikia karibu milimoli 140 na sodiamu ikiwa chache. Tofauti hiyo haijilindi yenyewe. Mwaka 1957 mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, aliyekuwa akichunguza mishipa ya fahamu ya kaa, alieleza juu ya kimeng'enya ambacho ndicho pampu yenyewe. Kwa kila molekuli moja ya ATP, nishati ya seli, inayotumika, pampu hiyo hutoa ioni tatu za sodiamu nje na kuingiza ioni mbili za potasiamu ndani, usiku na mchana, tulalapo na tuamkapo. Skou alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997, miaka 40 baada ya makala yake. Sisi watu wa pwani tunaowajua kaa kwa ladha yao huenda tukawatazama kwa heshima zaidi.

Kwa kuwa maji hupita kwenye utando huo kwa urahisi ilhali sodiamu hurudishwa nje kila inapochungulia ndani, kiasi cha sodiamu kilichoko nje ndicho kinachoamua maji mangapi yatabaki nje na mangapi yataingia ndani ya seli. Sodiamu ya damu ikishuka mno, maji huingia ndani ya seli nazo huvimba. Ikipanda mno, maji hutoka nazo husinyaa. Seli za misuli huvumilia kuvimba kidogo. Ubongo hauna nafasi hiyo, maana umefungiwa ndani ya fuvu lisilotanuka, na ndiyo sababu mtu ambaye sodiamu yake imeshuka ghafla huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, kisha hupata degedege.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wanafunzi wangu hulichanganya kila mwaka, nami nililichanganya kabla yao. Mwili haulindi kitu kimoja kiitwacho maji. Unalinda ukolevu, yaani jinsi damu ilivyokolea chumvi, na unalinda ujazo, yaani wingi wa damu unaotosha kuijaza mishipa, na kila kimoja kina walinzi wake. Walinzi wa ukolevu hufanya kazi yao kwa kuongeza na kupunguza maji. Walinzi wa ujazo hufanya kazi yao, zaidi ya yote, kwa kubakiza na kuachia chumvi.

Wa kwanza wako ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi. Humo mna seli ambazo zenyewe husinyaa damu inapokolea, na kusinyaa kwake ndiko ishara. Ni wepesi wa ajabu: ukolevu ukipanda kwa asilimia moja au mbili tu, mambo mawili huanza. La kwanza ni kiu. La pili ni kumwagwa kwa homoni ya vasopresini kutoka kwenye tezi ya pituitari, ambayo husafiri kwa damu hadi kwenye figo na kuziamuru zibane maji. Mtu akinywa maji ya kutosha, amri hiyo hufutwa, na baada ya muda usiozidi saa moja au mbili atakwenda kujisaidia mkojo mwingi usio na rangi. Pombe huizuia homoni hiyo, na hilo ni miongoni mwa yanayomfanya mnywaji aamke na koo kavu. Sitaendelea nalo, maana mwaliko huu haukuwa wa mawaidha.

Lakini figo hubanaje maji, ikiwa hakuna pampu ya maji? Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu sijui mtambo mwingine mwilini unaonipendeza kama huu. Figo mbili kwa pamoja hazifiki nusu ya asilimia moja ya uzito wa mwili, na bado hupokea kama moja ya tano hadi robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kila figo ina vichujio vidogo takriban milioni moja, na kwa siku moja vyote kwa pamoja huchuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu. Plazima ya lita tatu, basi, huchujwa yote mara 60 kwa siku. Ndani ya lita hizo 180 mna chumvi ambayo tukiikadiria kwa mizani ya dukani inakaribia kilo moja na nusu. Mkojo wetu wa siku ni lita moja hadi mbili, wenye gramu chache tu za chumvi. Kila kilichobaki, yaani karibu asilimia 99 ya maji na zaidi ya hapo ya sodiamu, kimerudishwa.

Sehemu kubwa, kama theluthi mbili, hurudishwa mwanzoni kabisa mwa nefroni, yaani mrija unaoanzia kwenye kila kichujio, ambako sodiamu husukumwa na maji huifuata. Kisha mrija hushuka kuelekea kwenye kiini cha figo, hujipinda, na kupanda tena. Katika mkono wake unaopanda, kuta haziruhusu maji kupita hata kidogo, lakini zinatoa chumvi kwa nguvu na kuilundika nje ya mrija. Kwa hiyo kiini cha figo hukolea chumvi na urea mpaka kinafikia, pale vasopresini inapokuwa nyingi, takriban mara nne ya ukolevu wa damu. Figo, tuseme, imejitengenezea bakuli lake la kachumbari. Mkojo unaokaribia kutoka hupitishwa katikati ya bakuli hilo kwa mrija wa mwisho, na hapo ndipo vasopresini inapofanya kazi: huamuru milango midogo ya maji, inayoitwa akwaporini, ipachikwe kwenye kuta za mrija. Milango ikiwepo, maji huvutwa nje kuelekea kwenye chumvi na kurudi kwenye damu. Isipokuwepo, maji hupita moja kwa moja hadi kwenye kibofu. Akwaporini ya kwanza ilitambuliwa na Mmarekani Peter Agre mwaka 1992, naye akapata Nobel mwaka 2003. Mfungaji wa Ramadhani anayeona mkojo wake wa alasiri umepungua na rangi yake ya njano imekolea anaiona kazi ya milango hiyo, ikimhifadhia maji ya daku.

Uwezo huo una mpaka. Figo za mtu haziwezi kukoleza mkojo kupita ile mara nne, na takataka za mwili zinahitaji angalau kama nusu lita ya mkojo kwa siku ili zitoke. Ndiyo maana baharia aliyepotea na chombo hanywi maji ya bahari. Lita moja ya maji hayo ina kama gramu 35 za chumvi, na ili figo ziitoe chumvi yote hiyo huhitaji mkojo mwingi kuliko maji aliyoyanywa. Tofauti inalipwa na mwili wake.

Walinzi wa ujazo wako kwingine. Figo zenyewe huhisi damu inapopungua nguvu mishipani, hutoa renini, renini huzalisha anjiotensini, nayo huzibana mishipa ya damu na kuiamsha tezi iliyo juu ya figo itoe aldosteroni. Aldosteroni huiambia sehemu ya mwisho ya mrija ishike sodiamu zaidi, na mahali sodiamu inapokwenda maji hufuata. Moyo nao una neno: kuta za vyumba vyake vya juu zikitanuka kwa damu nyingi, hutoa homoni inayoamuru chumvi iachiliwe. Mnaowahudumia wenye shinikizo la damu mnajua kwa nini Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku. Sababu yenyewe imo katika mnyororo huu.

Mara nyingi walinzi hawa wawili huelewana. Hatari huja wanapokosana. Mtu anayetoka jasho jingi hupoteza maji pamoja na chumvi, na jasho ni jepesi kuliko damu, kwa hiyo damu yake hukolea na kiu humjia. Akinywa maji matupu, ukolevu hurejea mahali pake na kiu hukatika, ingawa ujazo haujarudi wote, maana chumvi iliyopotea bado haijarudi. Akila chakula chenye chumvi jioni, hesabu hukamilika, na kwa mtu mwenye afya hilo hutosha. Lakini akiendelea kujilazimisha kunywa kupita kiu, huku mwili uliochoka bado unamwaga vasopresini, maji hayana pa kutokea. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 walipofika mwisho, wakakuta asilimia 13 wana sodiamu iliyoshuka, na dalili iliyowatambulisha kuliko nyingine ni kwamba walikuwa wazito kuliko walivyoanza. Walikuwa wamekunywa kuliko walivyotoka jasho. Walimu wa michezo, tafadhali, msiwashindilie watoto maji kwa ratiba. Wapeni nafasi ya kunywa na waacheni wafuate kiu yao.

Potasiamu nitaigusa kwa ajili ya madafu, kwa sababu najua nitaulizwa. Sehemu ndogo tu ya potasiamu yetu, kama asilimia mbili, iko nje ya seli, na ikipanda huko mapigo ya moyo huvurugika. Baada ya mlo wa ndizi au maharage, insulini huiingiza potasiamu ndani ya seli kwa haraka, kisha figo huitoa ya ziada taratibu kwa saa kadhaa. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo sana. Ni kinywaji kizuri kwa mtu mzima aliyetoka shambani, lakini anayeharisha maji ya kipindupindu anapoteza sodiamu kwa wingi, na dafu halina ya kumrudishia. Tena mgonjwa wa figo asinywe bila kumwuliza daktari wake. Soda ni mbaya zaidi, kwa kuwa sukari yake ni nyingi mno na sodiamu yake ni chache, na sukari iliyokolea huvuta maji tumboni kama chumvi ifanyavyo.

Kipindupindu ndicho kilichotufundisha haya yote kwa gharama kubwa. Kwa siku ya kawaida, utumbo hupokea lita nane hadi tisa za majimaji, nyingi zikiwa za mwili wenyewe, kama mate na nyongo, na karibu zote hufyonzwa tena. Sumu ya kipindupindu huzifanya seli za utumbo zimwage kloridi bila kukoma, sodiamu na maji hufuata, na mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Mwaka 1832, huko Leith nchini Uskoti, daktari Thomas Latta alimtilia mwanamke mmoja aliyekuwa akikata roho zaidi ya lita tatu za maji ya chumvi mshipani. Macho yaliyodidimia yalirudi, mapigo yakarudi, akazungumza. Latta akaondoka akiamini amemwokoa, kuharisha kukaanza upya, na mwanamke akafa baada ya saa chache kwa sababu hakuna aliyeendelea kumwongezea maji. Tiba hiyo ilidharauliwa kwa miongo mingi. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869, na kuelezwa baadaye na daktari James Christie, Mskoti mwingine aliyekuwa akiishi huko, wagonjwa wengi walikufa wakiwa wamekauka.

Kilichokosekana ni njia ya kurudisha chumvi kwa kinywa. Kumpa mgonjwa maji ya chumvi peke yake hakukusaidia, kwa sababu njia ya kawaida ya kufyonza chumvi hiyo imezuiwa na sumu. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza katika mkutano wa Prague kwamba ukuta wa utumbo una mlango mwingine, unaoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja. Leo tunajua kwamba mlango huo hupitisha ioni mbili za sodiamu kwa kila molekuli moja ya glukosi, haukubali moja bila nyingine, na sumu ya kipindupindu haiugusi. Sukari iliyo katika ORS, basi, haikuwekwa kwa ajili ya utamu wala ya nguvu. Ni ufunguo. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipofurika Bangaon, upande wa India, na dripu zikaanza kwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa maji ya sukari na chumvi kwa vikombe, yakinyweshwa na ndugu zao wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Pakiti tunayoitumia sasa, iliyorekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ina kwa kila lita gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati. Hesabu hiyo hutoa milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi, na mchanganyiko mzima ni mwepesi kidogo kuliko damu, ili maji yavutwe kutoka utumboni kwenda mwilini. Ukiimimina kwenye nusu lita, namba zote huzidishwa kwa mbili na mvuto hugeuka upande. Ukiimimina kwenye lita mbili, mtoto hunywa maji yasiyo na chumvi ya kutosha. Tena pakiti hazifanani zote, zipo za lita moja na zipo za nusu lita, kwa hiyo msiisome rangi ya pakiti, someni maandishi.

Mama atakayekosa pakiti atumie lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, na aonje kabla ya mtoto: uchumvi wake usizidi ule wa machozi. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha. Akitapika, mama angoje dakika kumi, kisha aendelee kwa kijiko, polepole. Maziwa ya mama yasikatizwe, vidonge vya zinki vitolewe, na maji yaliyochanganywa yakifikisha saa 24 yamwagwe. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, ambaye ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi taratibu sana, huyo asingojee vikombe. Apelekwe kituoni akatiliwe dripu.

Pale mezani nimeweka chupa sita nilizozikusanya jana sokoni na majumbani: ya maji, ya soda, ya mafuta ya kula, ya juisi, na mbili ambazo karatasi zake zimebanduka. Kando yake mna jagi lenye alama za lita na vijiko vya namna tatu, vyote vikiitwa kijiko cha chai na wenye navyo. Naomba wawili wapite mbele, mwalimu mmoja na mhudumu mmoja, waniambie bila kupima ni chupa ipi ya lita moja, kisha tuzimimine kwenye jagi moja baada ya nyingine.